Spika aliyeomba majina: kisa cha Rusty Bowers wa Arizona

Jumapili, tarehe 22 Novemba 2020, Russell Bowers, ambaye Arizona nzima inamjua kwa jina la Rusty, alikuwa amerudi kutoka kanisani pamoja na mkewe, na gari lilikuwa bado nje ya nyumba yao mjini Mesa, simu ilipoita. Ilikuwa imeunganishwa na gari, kwa hiyo sauti ilijaa humo ndani kama ya redio. Iliyokuwa ikipiga ni Ikulu ya Marekani. Aliyetangulia kuzungumza ni Rudy Giuliani, wakili wa Rais, kisha akaingia Donald Trump mwenyewe. Baada ya salamu, Giuliani alieleza kwamba katika jimbo la Arizona walikuwa wamepiga kura wahamiaji wasio na vibali wapatao 200,000, pamoja na watu 5,000 au 6,000 waliokwisha kufariki. Bowers, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, aliomba kitu kimoja tu: majina yao. Trump akamwambia wakili wake ampe mtu huyo anachohitaji, na Giuliani akaitikia kwamba atampa. Majina hayo hayakuletwa siku ile, wala wiki iliyofuata, wala baada ya hapo.

Mwaka mmoja na nusu baadaye Bowers aliyasimulia mazungumzo hayo chini ya kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na tangu hapo amekuwa akisifiwa kama shujaa na watu ambao hawangempigia kura hata siku moja, huku akiitwa msaliti na wengi wa wale waliomchagua mara nne mfululizo. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanamsoma vibaya, kwa sababu yote mawili yanadhani kwamba mwaka 2020 mtu huyu alivuka mto na kwenda ng'ambo. Anayeifuatilia kazi yake ya ubunge tangu mwanzo hadi mwisho anakuta mhafidhina ambaye hakuhama hata hatua moja, na ambaye siku ile garini aliuliza maswali yale yale aliyozoea kuuliza katika shughuli za maji, za kodi na za ardhi: sheria inasema nini, mamlaka ni ya nani, na karatasi iko wapi. Kilichohama ni uwanja aliokuwa amesimama.

Mesa ni mji ulioasisiwa mwaka 1878 na walowezi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi huwaita Wamormoni, na mpaka leo waumini wa kanisa hilo wana uzito mkubwa katika siasa za upande wa mashariki wa bonde la Phoenix. Bowers ni mmoja wao. Kwa taaluma ni msanii, mchongaji wa sanamu na mchoraji wa rangi za maji, jambo ambalo si la kawaida kwa kiongozi wa bunge popote pale, lakini si la ajabu sana Arizona, ambako ubunge wa jimbo hulipa mshahara wa dola 24,000 kwa mwaka na kila mbunge hulazimika kuwa na kazi nyingine ya kumlisha. Aliingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 1993, akahamia Seneti mwaka 1997, akaondoka mwaka 2001. Katika miaka ya katikati aliongoza chama cha wazalishaji wa kokoto, mchanga na saruji, akiwatetea mbele ya wabunge ambao zamani walikuwa wenzake. Mwaka 2015 alirudi barazani, na Januari 2019 akakalia kiti cha Spika.

Baraza hilo lina wajumbe 60, wawili kutoka kila eneo la uchaguzi kati ya maeneo 30, ambayo kila moja huchagua pia seneta mmoja. Katika miaka yote minne ya uspika wake chama cha Republican kilikuwa na viti 31 na chama cha Democratic 29. Maana yake ni kwamba mjumbe mmoja wa chama tawala akiumwa, akichelewa ndege au akikasirika, mswada haupiti. Hata hivyo Spika wa Arizona ana silaha moja ambayo haihesabiwi kwa viti: yeye ndiye anayeamua kila mswada uende kamati gani. Mswada usiopelekwa kamati yoyote hufa bila kupigiwa kura, na hakuna anayelazimika kusimama hadharani kusema kwamba ameuua. Jambo hilo linastahili kukumbukwa, kwa sababu ndilo lililoamua sehemu kubwa ya kisa hiki, kuliko hotuba yoyote.

Kwamba alikuwa mhafidhina wa kweli hakuna anayeweza kulibishia kwa rekodi. Chini ya uongozi wake Bunge la Arizona lilipitisha mwaka 2021 kodi ya mapato ya kiwango kimoja cha asilimia 2.5, na mwaka 2022 likapitisha katazo la kutoa mimba baada ya wiki 15 pamoja na mpango wa kumpa kila mtoto wa shule katika jimbo haki ya kutumia fedha za umma katika shule binafsi, mpango ambao wapinzani wa elimu ya serikali walikuwa wameupigania kwa zaidi ya miaka kumi. Hata katika masuala ya upigaji kura hakuwa mpole kama wasifu wake wa baadaye unavyoashiria: sheria ya mwaka 2021 inayowaondoa katika orodha ya kutumiwa karatasi za kura nyumbani watu wasioitumia nafasi hiyo kwa muda mrefu ilipita katika baraza lake, kwa kura za chama chake, huku upinzani ukilia kwamba maskini na wazee ndio watakaoumia.

Kisa cha maji cha mwaka 2019 kinamwonyesha vizuri zaidi, na ninakitaja kwa sababu kina kasoro zake. Mto Colorado ulikuwa ukipungua, ziwa la Mead likishuka, na serikali kuu ilikuwa imeyapa majimbo ya bonde hilo mpaka tarehe 31 Januari kukubaliana jinsi ya kugawana upungufu. Bunge la Arizona lilipiga kura siku hiyo hiyo ya mwisho, na Gavana Doug Ducey akatia saini jioni. Mpango ulitegemea kwa kiasi kikubwa maji ambayo jamii ya wenyeji wa asili wa Gila River ilikuwa tayari kuyatoa. Wakati huo huo Bowers alikuwa na mswada wake mwingine, wa kuwalinda wakulima wa juu ya mto Gila wasipoteze haki za maji ambazo hawajazitumia kwa miaka mingi, na jamii ile iliona kwamba mswada huo unainyang'anya ushindi iliyoupata mahakamani, ikatangaza kwamba haitaendelea na makubaliano iwapo utasonga mbele. Spika alisitasita, kisha akauondoa. Mtu anaweza kusema alishindwa, na ni kweli. Lakini alionyesha pia kwamba anajua tofauti kati ya jambo analolitaka na jambo linalowezekana kisheria na kisiasa, na alipokutana na ukuta hakuanza kudai kwamba ukuta haupo.

Sasa turudi mwezi wa Novemba 2020. Joe Biden alikuwa ameshinda Arizona kwa kura 10,457, kati ya zaidi ya milioni 3 zilizopigwa, pengo dogo ambalo kila mtu aliyeshindwa angetamani kulichunguza. Msomaji aliyezoea tume moja ya taifa inayohesabu na kutangaza anapaswa kujua kwamba Marekani haina chombo kama hicho: kura huhesabiwa na kaunti, matokeo huthibitishwa na jimbo, na jimbo ndilo linalowapeleka wajumbe wanaomchagua rais. Arizona ilikuwa na wajumbe 11. Sheria ya jimbo, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017, inawaamuru wajumbe hao kumpigia mgombea aliyepata kura nyingi za wananchi. Tarehe 30 Novemba waziri wa mambo ya jimbo, Katie Hobbs wa Democratic, alithibitisha matokeo mbele ya Gavana Ducey wa Republican, na saa hizo hizo, katika hoteli moja katikati ya jiji la Phoenix, Giuliani alikuwa akiendesha kikao chake kisicho rasmi cha kueleza kwamba uchaguzi umeibwa.

Kikao kile kilikuwa hotelini kwa sababu Bowers alikuwa amekataa kisifanyike katika jengo la Bunge. Katika simu ya garini Giuliani alikuwa na maombi mawili, na ombi la kwanza lilikuwa hilo: kamati rasmi ya Baraza ikae isikilize ushahidi. Bowers alijibu kwamba ushahidi wenyewe hajauona, na kwamba hataki kutumika kama kete katika mchezo wa mtu mwingine. Ombi la pili lilikuwa zito zaidi. Giuliani alisema ipo njia ya kisheria ambayo kwayo Bunge la jimbo linaweza kuwaondoa wajumbe wa Biden na kuwaweka wa Trump. Bowers, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa ameketi katika mabaraza yote mawili ya Bunge hilo, alimwambia kwamba hajapata kusikia jambo kama hilo, na kwamba anaombwa kwenda kinyume na kiapo alichokula kwa Katiba. Giuliani akamkumbusha kwamba wote wawili ni watu wa Republican.

Hesabu yenyewe ilikuwa ikikataa hata kabla ya kiapo kuingia. Bunge lilikuwa limemaliza kikao chake cha mwaka. Ili likutane tena, ama gavana aliite, na Ducey hakuwa na nia hiyo, ama theluthi mbili ya wabunge watie saini ombi: yaani watu 40 katika Baraza ambalo Republican walikuwa 31. Spika angeweza kuyasema hayo na kujificha nyuma yake, kwamba moyo wangu uko nanyi ila kanuni zimenibana. Wanasiasa wengi wangefanya hivyo, na wala wasingelaumiwa. Tarehe 4 Desemba yeye alitoa taarifa iliyosema kwamba kama mhafidhina wa Republican hayapendi matokeo ya uchaguzi wa rais, kwamba alimpigia kura Trump na kufanya kazi ya kumrudisha madarakani, lakini kwamba hawezi na hatakubali pendekezo la kuvunja sheria iliyopo ili kubadili matokeo yaliyokwisha kuthibitishwa. Taarifa hiyo ilimfungia mlango wa nyuma, na aliufunga mwenyewe.

Siku chache kabla ya taarifa hiyo alikuwa amekutana ana kwa ana na Giuliani na wakili mwenzake Jenna Ellis, pamoja na viongozi wengine wa Republican bungeni. Waliuliza tena: majina yako wapi, idadi imepatikanaje. Katika ushahidi wake wa baadaye Bowers alisema kwamba Giuliani aliwajibu kuwa wana nadharia nyingi, ila ushahidi ndio hawana. Hakuweza kusema kama ile ilikuwa kuteleza kwa ulimi au ni kauli iliyofikiriwa. Yeye na wenzake, alisema, walilicheka baadaye.

Shinikizo halikuisha. Tarehe 14 Desemba watu 11 wa Republican wa Arizona, akiwemo mwenyekiti wa chama cha jimbo Kelli Ward, walitia saini karatasi iliyodai kwamba wao ndio wajumbe halali. Mwishoni mwa Desemba Trump alipiga tena, na Bowers akarudia kwamba alimuunga mkono na kumpigia kura, lakini hatamfanyia jambo lolote lililo kinyume cha sheria. Tarehe 4 Januari 2021 alipiga John Eastman, profesa wa sheria aliyekuwa akimshauri Rais, akitaka Baraza lipige kura ya kubatilisha uthibitisho wa wajumbe. Bowers aliuliza mamlaka hayo yanatoka wapi, na akaambiwa afanye tu, mahakama zitajua zenyewe baadaye. Asubuhi ya tarehe 6 Januari alipiga Andy Biggs, mbunge wa taifa kutoka bonde lile lile la Mesa na Gilbert, akimwomba aunge mkono kubatilishwa kwa wajumbe. Jibu lilikuwa hapana.

Jibu la Eastman linanishughulisha kuliko mengine yote. Kwa miongo mingi wahafidhina wa Marekani wamewashutumu wapinzani wao kwa tabia hiyo hasa, ya kutenda kwanza na kuwaachia majaji watafute sababu. Hapa profesa wa sheria wa upande wa kihafidhina alikuwa akimsihi Spika mhafidhina afanye hivyo hivyo, na Spika, ambaye fani yake ni uchongaji na wala si mwanasheria, ndiye aliyekuwa akidai kifungu. Nadharia iliyokuwa nyuma ya ombi hilo, kwamba Katiba imeyapa mabunge ya majimbo madaraka makubwa mno juu ya uchaguzi wa taifa, ilipata pigo tarehe 27 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa dai linalofanana nalo kuhusu uchaguzi wa wabunge wa taifa.

Gharama ya kukataa ilianza kulipwa nyumbani. Ofisi yake ilipokea zaidi ya barua pepe 20,000, na jumbe za sauti na za maandishi kwa makumi ya maelfu, kiasi kwamba wafanyakazi hawakuweza kuendelea na kazi zao. Jumamosi ikawa siku ya kuogopwa. Yalikuja magari, moja likiwa na skrini kubwa zilizoonyesha picha zake na maneno ya kumwita mnyanyasaji wa watoto na mwanasiasa fisadi. Walikuja watu wenye vipaza sauti, wakiacha vipeperushi katika nyumba za majirani. Na siku moja alikuja mtu mwenye bastola, aliyevaa alama ya kundi la wanamgambo, akamtisha jirani. Ndani ya nyumba hiyo binti yake mtu mzima alikuwa mahututi. Bowers aliieleza kamati kwamba binti huyo alisumbuliwa na yaliyokuwa yakisemwa nje, na hapo sauti yake ilikatika. Binti alifariki mwishoni mwa Januari 2021. Mwezi wa Juni mwaka huo moto mkubwa wa nyikani, ulioitwa Telegraph, uliteketeza nyumba ya familia iliyokuwa milimani, pamoja na karakana yake ya sanaa na kazi zake nyingi za maisha.

Ili kuona kukataa kwake kulikuwa na uzito gani, inatosha kutazama upande wa pili wa jengo lile lile. Rais wa Seneti ya Arizona, Karen Fann, alikuwa wa chama hicho hicho, alikutana na Giuliani huyo huyo, na alikuwa na kanuni zile zile mkononi. Yeye alichagua njia ya kuwatuliza. Seneti iliagiza karatasi za kura karibu milioni 2.1 za kaunti ya Maricopa ziletwe, ikaajiri kampuni ya Cyber Ninjas isiyokuwa na uzoefu wa kukagua uchaguzi, na kwa miezi kadhaa mwaka 2021 watu walikaa katika ukumbi wa michezo wa Phoenix wakizungusha kura kwenye meza. Ripoti ya Septemba ilionyesha kwamba Biden alikuwa amepata kura 99 zaidi na Trump 261 pungufu kuliko matokeo rasmi. Hakuna aliyetulia. Waliodai wizi waliendelea kudai, na Seneti ilikuwa imewapa jukwaa la umma ambalo Baraza liliwanyima. Simhukumu Fann kwa nia, kwani huenda aliamini kwamba ukaguzi ungemaliza maneno. Ila ukilinganisha vyumba hivyo viwili unaona kwamba tofauti haikuletwa na sheria wala na idadi ya viti.

Barazani silaha ya kamati ilikuwa ikifanya kazi yake kimya kimya. Mwaka 2021 mjumbe Shawnna Bolick alileta mswada ambao ungeliruhusu Bunge kufuta uthibitisho wa matokeo ya urais kwa wingi wa kawaida wa kura; Spika hakuupangia kamati, ukafa. Mwaka uliofuata John Fillmore, mjumbe wa Republican, alileta mswada mpana zaidi, wa kuondoa sehemu kubwa ya upigaji kura wa mapema, kulazimisha kura zote zihesabiwe kwa mkono, na kulipa Bunge nafasi ya kukubali au kuyakataa matokeo. Safari hii Bowers hakuuweka kabatini. Aliupeleka katika kamati 12, zote kwa pamoja, na kwa kuwa mswada sharti upite katika kila kamati uliyopangiwa kabla ya kufika mbele ya Baraza zima, kila aliyeusoma uamuzi huo alielewa kwamba ni maziko, tena ya hadharani. Nakiri kwamba nilipokutana na habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka. Mtu mzito kama huyo, mwenye kunukuu Maandiko, kumbe ana utani wa namna hiyo ndani ya kanuni za kudumu.

Tarehe 21 Juni 2022 alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza uvamizi wa jengo la Bunge hilo uliofanywa na wafuasi wa Trump tarehe 6 Januari 2021. Asubuhi hiyo Trump alikuwa ametoa taarifa akidai kwamba Novemba 2020 Bowers alimwambia uchaguzi uliibwa. Alipoulizwa, Bowers alisema yeyote, mahali popote, wakati wowote, anayedai kwamba yeye alisema hivyo, hasemi kweli. Kisha akaeleza kwamba ni sehemu ya imani yake kwamba Katiba imevuviwa na Mungu, na kwamba kufanya alichoombwa kwa sababu tu ameombwa kulikuwa kigeni kwa nafsi yake. Mwishoni alisoma maneno aliyokuwa ameyaandika katika shajara yake mwezi wa Desemba 2020, jinsi inavyouma marafiki waliokuwa msaada kwake wanapomgeuka kwa chuki, na kwamba hataki kuwa mshindi kwa kudanganya, wala hatazichezea sheria alizoapa kuzitii. Alisoma polepole, macho yakiwa kwenye karatasi.

Siku zile zile, hata hivyo, alikuwa amemwambia mwandishi wa habari kwamba iwapo Trump angegombea tena dhidi ya Biden, yeye angempigia kura Trump. Watu waliomshangilia mchana walishangaa jioni. Baada ya wiki chache alibadili kauli na kusema hatampigia tena kamwe. Wapo wanaoiona kauli ile ya kwanza kama doa linalofuta yote. Mimi ninaiona kama ushahidi bora kabisa wa hoja yangu. Hakukataa kwa sababu alimchukia Trump au alizipenda sera za Biden. Alikataa jambo, si mtu, na kwa muda mrefu aliamini kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kutenganishwa, mpaka chama chake kilipomfundisha kwamba haviwezi.

Somo hilo lilikuja haraka. Mwezi wa Mei 2022 alikuwa amepokea mjini Boston tuzo ya ujasiri inayotolewa kwa jina la Rais John F. Kennedy, pamoja na Volodymyr Zelensky, Liz Cheney, mbunge wa Republican aliyempinga Trump, na wengine wawili. Heshima ambayo katika kampeni ya mchujo wa Republican mjini Mesa ilikuwa mzigo mtupu. Tarehe 19 Julai kamati ya utendaji ya chama cha Republican cha Arizona ilimpa karipio rasmi, na Kelli Ward akatangaza kwamba si mwanachama mwenye sifa njema tena. Kwa kuwa sheria ya ukomo inamzuia mtu kukaa zaidi ya vipindi vinne mfululizo katika baraza moja, Bowers alikuwa anawania kiti cha Seneti katika eneo jipya la 10. Mpinzani wake, David Farnsworth, alikuwa seneta wa zamani, mtu wa Mesa na wa kanisa lile lile, aliyeungwa mkono na Trump. Katika mdahalo Farnsworth alisema kwamba nyuma ya uchaguzi wa 2020 kulikuwa na njama iliyoongozwa na shetani mwenyewe. Tarehe 2 Agosti Farnsworth alipata takriban asilimia 64 ya kura, na Bowers asilimia 36.

Ingekuwa rahisi kulipachika anguko hilo lote kwenye ile simu ya garini, lakini si haki kwa ukweli. Mapema mwaka huo Bowers alikuwa ameleta mswada wa kupiga marufuku ubaguzi dhidi ya mashoga na watu waliobadili jinsia katika kazi, nyumba na huduma, ukiwa na vifungu vya kulinda dini. Haukufika popote, lakini uliwaudhi wapiga kura ambao huenda wangemsamehe habari za wajumbe. Tena mipaka ya maeneo ilikuwa imechorwa upya, na kura za mchujo za Agosti, katika joto la jangwani, hupigwa zaidi na wale wenye hasira kuliko na wale walioridhika. Hata hivyo pengo la karibu pointi 30, kwa Spika aliyekuwa madarakani, aliyepunguza kodi na kufungua milango ya shule binafsi mwaka ule ule, haliwezi kuelezwa kwa mswada mmoja uliokufa. Mpiga kura wa Mesa hakumuuliza amefanya nini kwa ajili ya uhafidhina. Alimuuliza alikuwa upande wa nani. Bowers mwenyewe, akizungumza kabla ya kura hizo akijua zinavyoelekea, alisema kwamba angerudia alichokifanya mara 50 mfululizo.

Aprili 2024 wale 11 waliotia saini karatasi ya Desemba walifunguliwa mashtaka Arizona pamoja na Giuliani, Eastman na wengine, na miongoni mwa washtakiwa walikuwamo maseneta wawili wa jimbo waliokuwa bado madarakani, wakikaa vitini kama kawaida. Novemba mwaka huo Trump alishinda Arizona kwa zaidi ya kura 180,000, na safari hiyo hakuna aliyeomba Bunge la jimbo likae kuyachunguza matokeo.

Mlango ambao Eastman alitaka Bowers aufungue ulikwisha kuwekewa kufuli la taifa kabla ya hapo. Tarehe 29 Desemba 2022 Rais Biden alitia saini sheria inayorekebisha namna ya kuhesabu kura za wajumbe, ambayo inataka jimbo liwachague kwa kufuata sheria zilizokuwepo kabla ya siku ya uchaguzi, na inampa gavana, kwa kawaida, kazi ya kuwathibitisha. Tarehe 6 Januari 2023 Bowers alikuwa Washington kupokea nishani ya raia kutoka kwa Rais huyo ambaye hakumpigia kura. Siku tatu baadaye Bunge jipya lilikutana Phoenix, Ben Toma akakalia kiti cha Spika, na Farnsworth akala kiapo cha useneta, kwa Katiba ile ile.